Wokovu Wangu Hauna Tarehe

Ushuhuda katika makanisa ya Eastlands, Nairobi, una utaratibu wake, na kila aliyekulia huku anaujua. Unasimama, unasalimia kwa Bwana asifiwe, unataja jina, unasema umeokoka na unampenda Bwana, kisha unataja tarehe. Siku, mwezi, mwaka, na ikiwezekana mhubiri aliyekuwa jukwaani. Baada ya hapo ndipo unaeleza ulikotolewa. Asiye na tarehe husikilizwa kwa upole, lakini wazee hubaki wakiulizana kama kweli alifika.

Utaratibu huu una wenyewe. Ulikuja na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda na kufika Kabete mwaka 1937, kisha ukasambaa Kenya nzima. Wandugu, kama walivyoitana, walikutana na kila mmoja akasema hadharani alichoacha na siku aliyokiacha. Miaka ya 1950 wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wapo waliouawa kwa kukataa huko. Watu waliolipa gharama hiyo wana haki ya kukumbuka tarehe, na simdharau mtu aliye nayo. Ila mimi sina. Kila ninapoombwa kusimama nishuhudie huwa nasitasita hapo, na anayeshika kipaza sauti hudhani naona haya. Nilicho nacho ni nyumba moja ya Buruburu, wazee wawili, na miaka ya waya, chapati, drafti na mpira.

Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka 2017. Wanaoukumbuka mwaka huo hawahitaji maelezo. Mianya ya wizi wa mitihani ilikuwa imezibwa tangu mwaka uliotangulia, na kati ya watahiniwa zaidi ya laki sita, waliopata C+ na kuendelea, yaani alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 70,073. Mimi nilipata C-. Kwa hesabu nilikuwa upande wa walio wengi, lakini ploti yetu ya Kayole haikupiga hesabu hiyo. Mama alikuwa akiuza mboga karibu na steji, na kwa miaka minne alikuwa amewaambia wateja wake kwamba kijana wake atakuwa injinia. Kanisani nilikuwa nimetabiriwa. Mhubiri mmoja mgeni aliwahi kuniwekea mikono kichwani akasema ameniona ndani ya ndege. Matokeo yalipotoka hakuna aliyeikumbuka ile ndege. Waliniombea tena, safari hii kama mgonjwa.

Sikuacha kanisa. Kuacha kanisa ukiwa bado unalala kwa mama ni kazi kubwa kuliko kwenda. Nilienda, nikaketi nyuma kando ya spika, pale ambapo mlio hauachi nafasi ya kufikiri. Niliimba vizuri tu. Ungeniuliza wakati huo kama ninaamini, ningekujibu ndiyo bila kusita, kwa sababu ndilo jibu lililokuwa karibu.

Mwaka 2018 nikapata nafasi ya diploma ya umeme katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Chuoni kulikuwa na CU, na sina neno baya juu yao. Vyama hivi vya wanafunzi Wakristo vina mizizi. FOCUS, inayoviunganisha nchini, ilianzishwa mwaka 1973, na wachungaji wengi wa Nairobi walipikwa humo. Lakini ushirika wao ulikuwa jioni, nami jioni nilikuwa mjengoni nikitafuta pesa, au Muthurwa nikipigania gari. Walinipa mlezi wa kiroho, kijana wa mwaka wa tatu, mpole, aliyekuja na kijitabu chenye mapengo ya kujaza. Tukaketi chini ya mti, tukajaza mapengo mawili matatu. Aliniuliza kama nimesoma Neno wiki hiyo. Nami nilitaka kumuuliza yeye huwa anakula wapi, maana hakuonekana kama mtu anayekula. Hatukufikia huko, kijitabu hakikuwa na sehemu yake.

Wengine walikuwa na mkeka. Ilikuwa miaka ya kamari za simu, na kabla ya mwalimu kuingia darasani mazungumzo yalikuwa nani anacheza na nani Jumamosi na mkeka uwekwe vipi. Kijana aliyeketi karibu nami aliweka karo ya muhula mzima, na kwa siku chache alitembea kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Kisha hakuonekana tena.

Fundi mmoja niliyekuwa nikimsaidia alipata kazi Buruburu, Phase 3. Mtaa huo ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyumba zenye bustani mbele na uwanja wa pamoja katikati. Siku hizi bustani nyingi zimemezwa na nyongeza, vyumba vya kupangisha vinavyoota pande zote. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza vyumba viwili na alitaka viwekewe stima. Alikuwa mstaafu wa Reli, upande wa ishara na mawasiliano, na alileta stuli akaketi pale pale tunapofanya kazi. Mafundi hawapendi mteja wa namna hiyo.

Akaniita, akataka kuona nilivyounganisha waya juu ya dari. Nikamwambia, "Mzee, pale juu hakuna atakayeona."

Akasema, "Moto utaona. Rudi ufunge vizuri, kijana yangu."

Nilirudi nikaunga upya, nikinung'unika. Saa saba mkewe akatuita tule. Nilikwenda kutafuta jiwe la kukalia nje, kama kawaida ya kazi za mjengo, akanifuata. "We, unaenda wapi? Nawa mikono uingie." Tukaketi mezani, fundi, mimi, mzee na yeye. Mzee aliomba dua fupi kiasi kwamba nilikuwa bado sijafumba macho. Kulikuwa na ugali, sukuma na omena, na mazungumzo kuhusu kama umeme wa gari-moshi la kisasa utawahi kuja. Wakati wa kuondoka mzee akaniambia, "Jumamosi huwa kuna vijana hapa. Njoo. Vaa nguo za kuchafua."

Nilifikiri ni kibarua. Kwa namna fulani kilikuwa.

Vijana wenyewe walikuwa wanafunzi wa vyuo mbalimbali, vya ualimu, uuguzi, ufundi, mmoja wa chuo kikuu, waliopanga Umoja, Pipeline, Huruma na kwingineko. Hakuna aliyewaandikisha. Mmoja alikuwa amekuja kupanga chumba, mwingine alikuwa ameletwa na rafiki, mwingine alikuwa mjukuu wa jirani. Asubuhi ilikuwa ya maji. Mifereji ya Eastlands ina siku zake, na siku yake ikifika unajaza kila chenye tumbo: tanki, mapipa, mitungi, sufuria. Mtu mmoja au wawili walikwenda na mzee Burma kununua nyama. Wengine walibaki jikoni na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, wakikanda unga. Sisi wavulana tulikuwa tukidhani chapati ni za wasichana, na Mama hakubishana na mtu, alikukabidhi tu kifimbo cha kusukumia. Chapati zangu za kwanza zilikuwa na umbo la ramani ya Kenya, na zililiwa zote.

Alasiri ilikuwa ya michezo. Pesa zikiwepo za kukodi, tulikwenda Camp Toyoyo, pale Jericho, kucheza mpira kwenye nyasi bandia. Zisipokuwepo, na mara nyingi hazikuwepo, tulicheza mchezo wa kati hapo hapo uwanjani kwa mpira wa soksi na karatasi. Nashangaa hadi leo jinsi wanafunzi wa diploma, wenye vitambulisho na madeni ya mikopo ya HELB, walivyokuwa wakipiga kelele kwa kurushiwa soksi. Mama alikuwa na shabaha ya kuogofya. Watoto wa majirani walikuja, kisha mama zao wakaja kuwaita wakabaki. Jioni ilikuwa ya drafti kwa vifuniko vya soda. Mzee hakumwachia mtu. Alikuwa akila kete zote, kisha anacheka hadi anavua miwani kufuta macho, na wewe uliyeshindwa unajikuta unacheka kwa sababu ya kile kicheko chake.

Mtu wa kanisani kwetu aliponiuliza Neno lilihubiriwa saa ngapi katika siku kama hiyo, nilishindwa kumjibu. Lilikuwepo. Baada ya chakula Mama alisoma kipande, si kirefu, akauliza kuna mwenye la kusema. Wakati mwingine lilisemwa, wakati mwingine tulitoa vyombo. Lakini mengi yalitokea njiani. Siku moja tukiwa kwenye foleni Burma, kijana wa uuguzi alimuuliza mzee, bila utangulizi, kama Mungu anajua mahali alipo baba yake, maana yeye hakumjua. Mzee akamwambia mwuzaji ampe mbavu, akahesabu pesa, akalipa. Kisha wakatembea Jogoo Road yote hiyo wawili, mbele yetu, mzee akiongea kwa mikono na ule mfuko wa nyama ukipigwa huku na huku. Sisi tulikuwa nyuma na hatukusikia kitu. Sijawahi kumuuliza yule kijana aliambiwa nini. Najua tu kwamba wiki iliyofuata yeye ndiye aliyeomba dua ya chakula, na ilikuwa ndefu.

Mzee alipenda kutuonyesha mahali katika Injili ya Marko, sura ya tatu, panapoeleza Yesu alivyowachagua wale kumi na wawili. Alisema tuangalie mpangilio. Kwanza wawe pamoja naye, halafu ndipo atawatuma kuhubiri. "Sisi," alisema, "tunatuma watu ambao hatujawahi kula nao." Alipenda pia mwisho wa Yohana, pale Bwana aliyefufuka anapowasha moto wa makaa ufukweni na kuwachomea wavuvi samaki wa asubuhi. Hakuwa akiihubiri habari hiyo. Alikuwa akiisimulia kama jambo lililompata mtu anayemfahamu.

Nina neno hapa kuhusu furaha, kwa sababu siku hizi makanisa yetu yamegundua kwamba vijana wanapenda kucheza. Yanaleta vibao vya kurukia, vikaragosi, wanamuziki, soda za bure, na katikati ya shangwe muziki unazimwa na mhubiri anatokea. Vijana si samaki, chambo wanakijua, na wakishaonja ndoano mara moja hawarudi kwenye maji yale. Pale Buruburu mchezo haukuwa unaelekea popote. Tulicheza kati kwa sababu kati inafurahisha, na mzee alicheka kwa sababu alikuwa amenilia kete. Kama usiku huo hakuna aliyesema lolote kuhusu Mungu, hakuna aliyeondoka akidhani siku imepotea. Kwa upande wangu, kile kicheko ndicho kilichonifanya nianze kushuku kwamba huenda Mungu wa mzee hakuwa yule wa spika.

Baadaye nilisoma kwamba Mmarekani mmoja, Jim Rayburn, alianzisha huko Texas mwaka 1941 shirika la Young Life kwa wazo lililo karibu na hili: usingoje vijana waje kanisani, nenda walipo, uwe rafiki yao, na usiifanye Injili ichoshe. Shirika hilo sasa liko nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Nilimpelekea mzee habari hizo kwa msisimko. Akasoma, akarudisha simu, akasema nyanya yake alikuwa akifanya hivyo hivyo na hakuwa na shirika.

Mzee na Mama wenyewe hawakuwa watu laini. Mama alikuwa na sheria. Mlango wa sebule hufunguliwa wazi wakati wote. Hakuna kijana na binti kukaa katika vile vyumba vya nyongeza. Giza likikaribia, wasichana wanasindikizwa hadi kwenye matatu, gari la 58, na si na mvulana mmoja, na watatu au zaidi. Tuliona ni ukali wa kizamani. Sasa nikiwa na umri wa kusikia habari za walezi wa kiroho waliowadhuru waliokabidhiwa, naona alikuwa akijua anachofanya.

Na siku moja waligombana mbele yetu. Ilihusu pesa ambazo mzee alikuwa amemkopesha ndugu yake bila kumwambia mkewe. Haikuwa minong'ono, ilikuwa sauti. Sisi tuliokuwa tukisukuma chapati tuliacha, tukatazama sakafu. Mimi nilikulia bila baba nyumbani, na kelele za namna hiyo nilizijua kupitia kuta za ploti, na nilijua huwa zinaishia wapi. Mzee akatoka nje. Nikasema basi, imekwisha, Jumamosi hizi zimekwisha. Akarudi baada ya muda, akasimama mlangoni mwa jikoni, akasema, "Mama, nilikosa. Nilikuficha, halafu nikakupigia kelele mbele ya watoto. Naomba unisamehe." Kisha akatugeukia sisi akasema neno lile lile. Mama alikuwa bado amekasirika. Akamwambia, "Nimekusamehe, lakini hiyo pesa tutaizungumza." Na kweli waliizungumza, tukiwa tunakula, hadi wakakubaliana namna ya kuidai.

Mama alikuwa mtoto wa wandugu. Mama yake mzazi alikuwa ameokoka katika uamsho ule, na nyumba yao kule kijijini ilikuwa na desturi hiyo ya kutembea nuruni: ukikosa, unasema. Yeye mwenyewe ana tarehe, iko mwezi wa Agosti, na ikifika hupika chai ya maziwa mazito na mandazi, na anaisimulia. Lakini hakuwahi kumdai mtu tarehe. Nikamuuliza siku moja, tukiwa tunachambua maharagwe, "Mama, mimi nimeokoka kweli?" Akaokota kijiwe, akakitupa, akasema, "Waniuliza mimi? Mimi si msajili. Wewe muulize mwenyewe."

Nilianza kumuuliza. Kidogo kidogo, bila kelele, mara nyingi ndani ya gari.

Kisha ikaja Machi 2020. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 13, siku mbili baadaye rais akafunga shule na vyuo, na kufikia mwisho wa wiki iliyofuata milango ya makanisa ilikuwa imefungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku za kwanza Eastlands ilijifunza kuogopa saa moja. Usiku wa tarehe 30, huko Kiamaiko, risasi ya polisi wanaotekeleza kafyu ilimpata mtoto wa miaka 13, Yasin Moyo, akiwa kwenye roshani ya kwao. Mama alinipigia simu asubuhi, akanipigia tena jioni. "Umefika? Uko ndani? Funga dirisha." Mama yangu mzazi alikuwa akiniita kutoka chumba cha pili kwa maneno yale yale, kwa hiyo nilikuwa na mama wawili wanaonifungia dirisha moja.

Jumamosi zilikatika. Tulipelekeana nauli, unga, tokeni za stima. Wengine walikuwa wamekwama Pipeline, katika vyumba ambavyo mchana ni kama usiku, bila darasa na bila kibarua. Mzee alicheza drafti nasi kwa simu: wewe unapanga kete zako kwako, yeye kwake, mnatajiana nafasi. Alishinda hata hivyo.

Mwezi wa Julai makanisa yakaruhusiwa kufunguliwa kwa masharti. Watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyezidi 58. Mzee alikuwa amevuka 58 zamani. Mtu ambaye kwa miaka mingi alifungua mlango wa kanisa lake kabla ya mchungaji kufika, sasa hakuruhusiwa kuingia. Hakulalamika sana. Alitupigia akasema, "Nendeni ninyi. Mkitoka mpite hapa langoni mniambie kilichosemwa."

Ndipo jambo langu lilipogeuka, ingawa kwa muda huo sikuligundua. Nilikuwa nikienda kanisani kwa miaka bila kulazimika kusikia. Sasa nilikuwa natakiwa kutoa ripoti. Nilihama kutoka kwa spika, nikaketi mbele na kalamu. Tukitoka tulipanda gari la watu 14 likiwa limebeba 8 kwa masharti ya korona, tukashuka Buruburu, tukasimama nje ya lango na barakoa zetu, na mzee upande wa ndani kwenye ile stuli yake. Alianza kuuliza. Mhubiri alisoma wapi? Alisema nini juu ya mstari ule? Ukimjibu kwa ujumla alikurudisha. "Hapana, hiyo ni yako. Yeye alisema nini?" Halafu likaja lile la pili, ambalo nililiogopa zaidi. "Haya. Na wewe waonaje?"

Huwezi kuulizwa unaonaje kila Jumapili, mbele ya lango, na mtu anayekupenda, ukaendelea kutoa jibu lililo karibu. Nilianza kumwambia kwamba sehemu fulani sioni. Kwamba niliombewa kwa ajili ya ndege nikapata C-. Kwamba wanaosema Mungu amewafungulia milango wananichosha. Alisikiliza yote. Hakunipa mstari. Aliniambia alivyopunguzwa kazi Reli wakati shirika likipelekwa kwa wawekezaji, alivyokaa mwaka mzima hamwambii Mungu lolote isipokuwa hasira, na Mama alivyokuwa akiomba kwa niaba ya wote wawili. "Hakunifukuza," akasema. Sikujua kama anamaanisha Mungu au Mama, na nadhani yeye pia hakutenganisha.

Kama lazima nitoe tarehe, iko mahali fulani kati ya Julai na Desemba mwaka huo, katika gari la 58 au pale langoni. Siku moja nilijikuta naomba, na nilikuwa nimeanza kabla ya kuamua kuanza.

Wazee hao walihamia kijijini mwaka 2022; goti la Mama lilikuwa limekataa ngazi za Buruburu. Nyumba imepangishwa. Mimi nimemaliza chuo, nina leseni ya fundi umeme, nimepanga Umoja, chumba na sebule ambayo watu saba wakiingia wa nane anakaa kwenye mtungi wa gesi. Jumamosi zilikuja kwangu bila mkutano wa kuzihamisha. Msichana wa kwanza aliniuliza tu, "Sasa tunapatana wapi?" Gharama si kubwa kama watu wanavyodhani. Gorogoro ya maharagwe, unga, mafuta, makaa, wanachangia wenye nacho. Sheria za Mama nimezibeba zote, hata ile ya mlango, na rafiki yangu mmoja na mkewe huja kila mara ili nisiwe mtu mzima peke yangu. Nikisikia kanisa linatenga mamilioni kwa kambi ya vijana ya siku tatu, ulimi wangu huwa na kazi kujizuia.

Lakini siwezi kusema nimerithi na hekima ya mzee. Juni 2024 ilinikuta sina jibu. Binti mmoja anayesomea ufundi wa mabomba, mkaazi wa Pipeline, alikuwa mjini tarehe 25, siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bunge. Mswada huo uliondolewa kesho yake. Jumamosi hiyo alikuja macho yakiwa bado mekundu kwa gesi. Mwenzake wa darasani alikuwa hospitalini. Hakutaka drafti. Aliniuliza kwa nini Jumapili iliyotangulia mchungaji wao alimpa mwanasiasa kipaza sauti, na bahasha ikapokelewa, na binti mwenyewe akapiga makofi pamoja na wengine. Nilijua kwamba Anglikana walikuwa wamekataza wanasiasa kuhutubia madhabahuni tangu 2021, na baada ya maandamano yale makanisa mengine pia yalisema hivyo hivyo. Lakini yeye hakuwa akiniuliza sera ya makanisa. Aliuliza kama wale watu wanamwamini Mungu huyu tunayemzungumzia hapa, au ni mwingine.

Nilimpigia mzee. Akasema, "Usimjibu haraka. Huyo mwenzake mmemwona?" Hatukuwa tumemwona. Tukaenda, tukamkuta na mguu uliofungwa, tukampelekea uji na chaja ya simu. Tulirudi mara kadhaa hadi akaruhusiwa. Swali lenyewe bado lipo, na binti huyo hajarudi kanisani. Wapo walionishauri nimbane kidogo, nimwambie mtu hawezi kuwa wa Kristo bila kanisa. Mimi pia naamini hivyo. Ila sijaona sababu ya kumwambia anapoosha mchele kitu anachokijua kuliko mimi. Mara nyingine yeye ndiye anayesoma kile kipande baada ya chakula, na husoma kama mtu anayetafuta kosa la uchapishaji. Simkatazi.

Juzi aliomba ufunguo wa spea, kwa sababu hana kipindi Jumamosi asubuhi na maharagwe yangu huchelewa kuiva. Nilipofika kutoka kazini, begi la vifaa begani, nilimkuta ameshayatoa motoni, na kuna vijana wawili wapya wa Pipeline wamesimama mlangoni, mlango ukiwa wazi kama sheria inavyotaka. Mmoja alikuwa akimuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua bei kabla ya kuagiza, kama lazima mtu aombe ndipo ale.

"Hapana," akamwambia. "Lazima uoshe sufuria."